Handel na Amri ya Mfalme: Maisha ya Mtunzi na Utungo Wake wa Ala za Kupuliza

Utangulizi

Mwanakwaya wa Keringet, katika nyanda za juu za Mau huko Kuresoi Kusini, huenda asilijue jina la George Frideric Handel, lakini ni nadra awe hajaisikia Haleluya yake. Utungo huo ni miongoni mwa tungo za kigeni zinazofahamika zaidi na kwaya za Kenya. Huimbwa makanisani, huimbwa vyuoni, na wanaoimba sauti ya nne hupata fahari ya pekee zamu yao inapofika. Aghalabu Handel hujulikana kwetu kwa wimbo huo mmoja tu, kana kwamba maisha yake yote yalikuwa maandalizi ya dakika nne za Haleluya.

Hata hivyo, mtunzi huyu aliyesifika kwa sauti za watu alikuwa pia fundi wa ala za kupuliza. Mnamo 1749 aliandika utungo mkubwa uliohitaji wapulizaji na wapiga ngoma wapatao sitini, na miongoni mwa ala zake ilikuwamo kontrabasuni, ala yenye sauti nzito kupita zote katika jamii yake. Aliuandika kwa amri ya mfalme, kwa sherehe ya serikali, na kwa masharti ambayo yeye mwenyewe hakuyapenda.

Makala haya yanasimulia maisha ya Handel kwa kuuzingatia utungo huo. Sababu ya kufanya hivyo ni kwamba ndani yake mna swali linalomhusu kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Je, utungo ulioagizwa na mwenye mamlaka, ukalipiwa kwa fedha yake na kusherehekea mambo yake, ni mali ya nani? Swali hili si geni kwetu. Bwana Mwengo wa Athumani, anayehusishwa na Utenzi wa Tambuka wa mwaka 1728, anaelezwa kuwa aliutunga kwa ombi la Sultani wa Pate. Handel na Mwengo waliishi zama zilezile pasipo kujuana, kila mmoja akiitumikia kasri yake. Kumfahamu mmoja kwaweza kutusaidia kumsoma mwingine.

Kuzaliwa na malezi

Handel alizaliwa tarehe 23 Februari 1685 katika mji wa Halle, ulio Ujerumani ya leo. Babake, Georg, alikuwa kinyozi na mpasuaji, kazi mbili ambazo zama hizo zilifanywa na mtu mmoja. Mtoto huyu alizaliwa mzee akiwa ameshapita umri wa miaka sitini, na kama walivyo wazazi wengi waliopanda ngazi ya maisha kwa jasho, Georg hakutaka mwanawe arudi chini. Alimtakia taaluma ya sheria. Muziki kwake ulikuwa kazi ya watumishi.

John Mainwaring, aliyechapisha wasifu wa kwanza wa Handel mwaka 1760, anasimulia kuwa ala za muziki zilipigwa marufuku nyumbani, na kwamba kijana huyo alifaulu kufichiwa kinanda kidogo darini, akawa anajifunza usiku watu wakiwa wamelala. Anasimulia pia kwamba baba na mwana walipofika katika kasri ya Mtawala wa Weissenfels, mtawala alimsikia mtoto akipiga kinanda cha kanisa, akamshauri mzee asiizime karama ile. Mzee alikubali kwa shingo upande. Handel akapelekwa kwa Friedrich Wilhelm Zachow, mpiga kinanda wa Halle, ambaye alimfunza utunzi pamoja na upigaji wa ala mbalimbali.

Tukiyazingatia masimulizi hayo, tunaona kuwa tangu mwanzo maisha ya Handel yaliamuliwa na neno la mtawala. Mlango uliofungwa na baba ulifunguliwa na mwenye kasri. Kijana yule alijifunza mapema mno kwamba mwenye nguvu aweza kuwa kizuizi na aweza vilevile kuwa ngazi.

Safari za ujana

Babake alifariki mwaka 1697. Mnamo 1702 Handel aliandikishwa katika Chuo Kikuu cha Halle, lakini mwaka uliofuata aliondoka kwenda Hamburg, mji wa bandari uliokuwa na jumba la opera. Huko alipata kazi katika okestra. Huko pia nusura auawe. Mnamo Desemba 1704 aligombana na rafiki yake Johann Mattheson juu ya nani akalie kinanda katika onyesho la opera, wakatoka nje na kupigana kwa panga. Upanga wa Mattheson ulivunjikia kwenye kifungo cha koti la Handel. Marafiki hao walipatana baadaye, na mwaka 1705 opera ya kwanza ya Handel, Almira, ikaonyeshwa katika jumba lilelile.

Kuanzia 1706 hadi 1710 alikuwa Italia, nchi iliyokuwa chuo kikuu cha waimbaji wa Ulaya. Aliwatungia makadinali na wakuu wa Roma, na katika majira ya baridi ya 1709 opera yake Agrippina iliwasisimua watu wa Venice. Akiwa huko alijifunza jambo lililoipamba kazi yake hadi mwisho, nalo ni kuiandikia ala kana kwamba inaimba. Mtunzi asiyejua pumzi ya mwimbaji huishia korokoroni pake, na apulizaye ala huimba kwa pumzi hiyohiyo.

London na ufadhili wa wafalme

Mnamo 1710 aliajiriwa kuwa mkuu wa muziki katika kasri ya Hanover, lakini mwishoni mwa mwaka huohuo alikuwa tayari London. Opera yake Rinaldo ilionyeshwa Februari 1711 na kulipokelewa jina lake kwa shangwe. Mwaka uliofuata alirejea London na kuhamia kabisa.

Mnamo 1713 vita virefu vya Ulaya vilimalizwa kwa Mkataba wa Utrecht. Handel alitunga muziki wa shukrani ulioimbwa kanisani London kwa ajili ya amani hiyo, na Malkia Anne akamtengea malipo ya pauni 200 kila mwaka. Malkia alipofariki mwaka 1714, aliyerithi kiti cha enzi alikuwa mwajiri yuleyule wa Hanover ambaye Handel alikuwa amemwacha. Mfalme huyo mpya, George wa Kwanza, hakulipiza kisasi. Aliyaongeza malipo yale maradufu.

Tarehe 17 Julai 1717 mfalme alisafiri kwa mashua katika mto Thames huku mashua nyingine, iliyowachukua wanamuziki wapatao hamsini, ikimfuata. Muziki uliochezwa ulikuwa wa Handel, nao unajulikana hadi leo kuwa Muziki wa Majini. Ndani yake tarumbeta, pembe za shaba, oboi na basuni zilipewa nafasi pana, kwa kuwa sauti za ala hizo huvuka maji na upepo bila kupotea. Mfalme alipendezwa kiasi cha kutaka uchezwe tena baada ya kwisha.

Mwanzoni mwa 1727 Bunge lilimpa Handel uraia wa Uingereza. Mwaka huohuo George wa Pili alitawazwa, na Handel akatunga nyimbo nne za sherehe hiyo. Mmojawapo, uhusuo kuhani Sadoki, umeimbwa katika kila sherehe ya kuwatawaza wafalme wa Uingereza tangu siku hiyo, ikiwemo ile ya Mei 2023.

Mizizi ya fedha

Wasifu unaoishia kwenye sifa haujakamilika. Utafiti uliofanywa katika daftari za makampuni ya zama hizo umeonyesha kuwa mnamo 1716 Handel alikuwa na hisa katika South Sea Company, na mnamo 1720 alikuwa na hisa katika Royal African Company. Makampuni yote mawili yalishiriki katika biashara ya kuwauza Waafrika utumwani. Baadhi ya wakuu waliomfadhili walikuwa pia wawekezaji wa biashara hiyo.

Wala jambo hili halikuwa mbali na muziki wake. Mkataba wa Utrecht, ambao aliutungia nyimbo za shukrani, uliipa Uingereza haki ya kupeleka watumwa 4,800 kila mwaka katika makoloni ya Uhispania huko Amerika kwa muda wa miaka thelathini. Haki hiyo ilikabidhiwa South Sea Company. Kwa hiyo amani iliyoimbiwa kanisani London ilikuwa na maana nyingine kabisa kwa watu waliofungwa minyororo katika pwani ya magharibi ya Afrika.

Ifahamike kwamba kuyataja haya si kumfuta mtunzi. Pwani yetu nayo ilikuwa na mabwana na watumwa wake, na baadhi ya tenzi tunazozitukuza zilitungwa katika nyumba zilizotumikiwa na watumwa. Mwanafunzi mwaminifu hulisoma beti akistaajabia ufundi wake, kisha huuliza nani alikuwa akitwanga nafaka mtunzi alipokuwa akiandika. Handel anastahili kusomwa kwa uaminifu uo huo.

Kuanguka na kuinuka

Kwa muda wa miaka mingi Handel alikuwa mtunzi na mwendeshaji wa opera za Kitaliano mjini London. Biashara hiyo ilikuwa na gharama kubwa, waimbaji wake walilipwa fedha nyingi na kugombana hadharani, na kundi pinzani lilipoanzishwa watazamaji waligawanyika. Mnamo 1737, akiwa na umri wa miaka 52, alipatwa na kiharusi. Mkono wake wa kulia ukapooza. Mtunzi aliyeishi kwa mkono huo alisafiri hadi Aachen, mji wa Ujerumani wenye chemchemi za maji ya moto, akaoga na kuoga hadi nguvu zikamrudia. Jina la mji huo litatokea tena katika masimulizi haya.

Aliporudi aliigeukia oratorio, yaani masimulizi, aghalabu ya Biblia, yaimbwayo kwa Kiingereza bila maigizo jukwaani. Kati ya tarehe 22 Agosti na 14 Septemba 1741 aliandika Messiah. Iliimbwa kwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, na mapato yake yakagawanywa kwa hospitali mbili na kwa wafungwa wa madeni. Wafungwa 142 waliachiliwa huru. Katika maisha yale yenye hisa za watumwa, hapa pana wimbo uliofungua milango ya gereza. Binadamu ni mzigo mzito kumpima kwa mizani ya upande mmoja.

Basuni na jamaa zake

Kabla ya kufika kwenye utungo wa 1749, ni muhimu msomaji afahamu ala zenyewe. Msomaji wa Kiswahili ana faida hapa, kwa kuwa pwani yetu inaijua zumari. Ala hii hupulizwa kupitia vipande viwili vyembamba vya tete vilivyobanwa pamoja. Pumzi ikipita kati yake, vipande hivyo hutetemeka na kutoa sauti. Oboi ya Ulaya hufanya kazi kwa namna iyo hiyo, hivyo twaweza kuiita dada ya zumari. Basuni ni kaka yao mkubwa. Ni bomba la mbao lenye urefu wa takriban mita mbili na nusu, lililokunjwa ili mtu aweze kulishika, na sauti yake ni ya chini kama ya mzee azungumzaye baada ya vijana kunyamaza. Kontrabasuni ni babu wa ukoo huo. Bomba la ile ya siku hizi hupita mita tano, na sauti yake hushuka chini ya basuni kwa noti nane nzima.

Antonio Vivaldi wa Venice, aliyeishi zama za Handel, aliiandikia basuni koncheto 39, mbili kati yake zikiwa hazikukamilika. Koncheto ni utungo ambamo ala moja au kundi dogo hujibizana na kundi kubwa, mfano wa kiitikio na mwimbishaji katika ngoma zetu. Handel hakuifuata njia ya Vivaldi ya kuitenga basuni moja mbele ya okestra, lakini aliijua thamani yake. Katika oratorio yake Saul ya mwaka 1739, mzimu wa nabii Samweli unapoitwa kutoka kuzimu, basuni mbili ndizo zinazofuatana na sauti yake. Hakuna tarumbeta wala ngoma. Ala mbili za sauti nzito zinatosha kumfanya msikilizaji ahisi baridi ya kaburi.

Kisha, mnamo 1747 na 1748, aliandika koncheto tatu za namna ya pekee. Aliyagawa matumbuizo hayo kati ya makundi mawili ya ala za kupuliza, kila kundi likiwa na oboi na basuni zake, na katika baadhi yake akaongeza pembe za shaba. Makundi hayo huitikiana huku ala za nyuzi zikiyabeba. Sehemu nyingi zilitokana na kazi zake za awali, zikiwemo kwaya za Messiah. Yale yaliyoimbwa kwa maneno yakawa yanasemwa kwa pumzi tupu, na msikilizaji aliyeyajua maneno aliyajazia mwenyewe moyoni. Koncheto hizo zilichezwa kati ya sehemu za oratorio.

Kuhusu kontrabasuni, Charles Burney, mwanahistoria wa muziki wa karne hiyo, anaeleza kuwa moja ilitengenezwa na fundi Stanesby kwa kibali cha Handel ili itumike katika sherehe ya kutawazwa kwa 1727, ila haikupigwa, labda kwa kukosa tete iliyofaa. Kontrabasuni nyingine iliyotengenezwa na Thomas Stanesby mwana mwaka 1739 ingalipo Dublin. Mtunzi alikuwa anaisikia akilini sauti ambayo mafundi na wapulizaji walikuwa bado wanaitafuta.

Fataki za 1749

Mnamo Oktoba 1748 vita vingine vya Ulaya vilimalizwa kwa mkataba uliotiwa saini Aachen, mji uleule ambao Handel aliupatia uponyaji. George wa Pili aliamuru maonyesho makubwa ya fataki katika bustani ya Green Park, London. Jengo kubwa la mbao liliinuliwa kwa ustadi wa Servandoni, msanifu wa Kitaliano. Handel akaagizwa atunge muziki.

Hapo ndipo ulipozuka mvutano. Mfalme mwanzoni hakutaka muziki wowote. Alipokubali, alitoa sharti kwamba ziwepo ala za kivita tu, pasiwe na fidla. Handel alitaka kupunguza tarumbeta na pembe na kuingiza fidla. Mtawala wa Montagu, aliyesimamia maandalizi, aliandika barua akilalamika kwamba mtunzi alikuwa mkaidi na kwamba mfalme angekasirika. Mvutano wa pili ulihusu mazoezi. Mwenye bustani ya Vauxhall alikuwa tayari kuikopesha serikali taa na watumishi, jambo lililookoa pauni 700, ila kwa masharti kwamba muziki ufanyiwe mazoezi ya hadhara bustanini kwake. Handel alikataa.

Aliye juu mngoje chini, wahenga walisema. Handel alikubali katika yote mawili. Mswada alioandika kwa mkono wake unaonyesha jeshi la ala za kupuliza: oboi 24, basuni 12, tarumbeta 9, pembe za shaba 9, kontrabasuni, pamoja na jozi tatu za ngoma za shaba. Lakini mswada huohuo una maelekezo ya fidla kuufuata mstari wa oboi. Mtunzi alitii kwa siku moja, akaiandikia kesho yake pembeni mwa karatasi.

Mtu aweza kuuliza kwa nini mfalme alizipenda ala za kupuliza kiasi hicho. Jibu halihitaji kutafutwa mbali. Siwa ya Pate ya pembe ya ndovu na siwa ya Lamu ya shaba zilipulizwa katika sherehe za watawala na za jamaa bora, na aliyeimiliki siwa alimiliki heshima ya mji. Katika jamii za Kalenjin za eneo la Keringet pia, pembe ya mnyama si kitu cha mchezo. Hupulizwa kuwaita watu na kutangaza jambo zito. Pumzi ya mtu ikipita katika pembe huwa tangazo. George wa Pili, aliyewahi kuongoza jeshi vitani yeye mwenyewe mwaka 1743, alitaka amani yake itangazwe kwa sauti ya askari.

Mazoezi ya Vauxhall yalifanyika tarehe 21 Aprili 1749. Magazeti yaliripoti kuwa watu 12,000 walilipa kiingilio, na magari ya farasi yakakwama kwa saa tatu katika Daraja la London. Sherehe yenyewe ilifanyika tarehe 27 Aprili. Mvua ilinyesha. Fataki nyingi hazikuwaka ipasavyo, na upande mmoja wa jengo ukashika moto. Servandoni alipandwa na hasira, akamchomolea upanga msimamizi wa fataki, naye akakamatwa. Katika yote yaliyoandaliwa kwa ajili ya usiku ule, muziki ndio uliobaki mzima.

Kwa msomaji wa Afrika, hata hivyo, pana noti moja ya chini inayopasa kusikika. Mkataba wa Aachen uliirudishia Uingereza, kwa miaka minne iliyokuwa imesalia, ile haki ya kuuza watumwa iliyotolewa Utrecht. Amani ya 1749, sawa na ile ya 1713, haikuwa amani ya kila mtu. Tarumbeta hazikulitaja hilo, wala hazikuagizwa kulitaja.

Makao ya watoto

Mwezi mmoja baada ya fataki, tarehe 27 Mei 1749, muziki uleule ulichezwa tena London. Safari hii ulichezwa katika kanisa, lililokuwa halijamalizika kujengwa, la makao ya watoto waliotupwa na wazazi wao. Makao hayo yalianzishwa na nahodha Thomas Coram kwa hati ya kifalme ya 1739, na tumbuizo hilo lilikusudiwa kuchangisha fedha za kulimalizia kanisa. Fidla zilikuwepo. Utungo ulioagizwa kwa utukufu wa mfalme ulipata umbo alilolitaka mtunzi, ukawa msaada kwa watoto wasiokuwa na jina. Handel alitunga pia wimbo wa makao hayo na kuufunga kwa Haleluya ya Messiah.

Kuanzia 1750 Messiah iliimbwa hapo mara kwa mara kuwachangia watoto hao, na Handel akafanywa mmoja wa magavana wa makao. Hakuoa wala hakuwa na mtoto. Katika wasia wake aliyaachia makao hayo nakala safi ya Messiah.

Upofu na kifo

Mapema 1751, alipokuwa akitunga oratorio yake Jephtha, jicho lake la kushoto lilianza kufifia, akalazimika kuiacha kazi kwa muda. Hatimaye alipofuka kabisa. Alipasuliwa macho zaidi ya mara moja, na mwaka 1758 alitibiwa na John Taylor, tabibu mwenye maneno mengi aliyekuwa amempasua macho Johann Sebastian Bach miaka minane kabla, bila mafanikio. Handel naye hakupata nuru. Aliendelea kupiga kinanda mbele ya watu kwa kumbukumbu na kwa kubuni papo hapo.

Tarehe 6 Aprili 1759 alihudhuria onyesho la Messiah. Siku nane baadaye, tarehe 14 Aprili, alifariki nyumbani kwake katika mtaa wa Brook, alipokuwa ameishi tangu 1723. Alizikwa Westminster Abbey, na inakadiriwa kuwa watu 3,000 walihudhuria.

Hitimisho

Maisha ya Handel yanatufunza nini kuhusu utungo wa kuagizwa? Kwanza, yanatuonyesha kwamba utiifu wa mtunzi una tabaka. Handel aliipokea amri, akaandika oboi 24 na basuni 12, huku akiuacha mlango wa fidla wazi. Mtumikie kafiri upate mradi wako, husema Waswahili, na methali hiyo yafaa kukumbukwa tunaposoma tungo za kasri popote pale. Badala ya kumhukumu mtunzi kuwa kibaraka au shujaa, tutafute pembezoni mwa mswada yale aliyoyaandikia kesho.

Pili, yanatukumbusha kuwa fedha ya mfadhili huwa na historia yake. Msifu wa amani aweza kuwa na hisa katika biashara ya minyororo, na wimbo wake ukawa mzuri vilevile. Uzuri huo haulipi deni. Deni nalo haliuondoi uzuri. Mhakiki anapaswa kuyabeba yote mawili bila kulitupa moja ili apate wepesi.

Tatu, yanatuonyesha kuwa utungo husafiri. Muziki wa Fataki ulizaliwa kwa amri ya kiti cha enzi ukaishia kwa watoto wa makao. Wimbo wetu wa taifa ulisafiri njia ya kinyume. Mnamo 1963 kamati ya wanamuziki watano iliuchukua wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto, ikautungia maneno ya taifa zima. Hapa mama alimwimbia mtoto, na serikali ikaazima. Kule serikali iliagiza, na watoto wakanufaika. Katika safari zote mbili aliyelipa hakubaki na mamlaka ya kuamua wimbo ungemfikia nani.

Leo ni wachache wanaokumbuka masharti ya Mkataba wa Aachen, na jengo la Servandoni lilikuwa la mbao. Kilichodumu ni karatasi yenye mistari ya oboi, tarumbeta na pembe, na chini yake basuni zinazoubeba mzigo wote. Mwanafunzi wa utunzi anayetaka kuielewa karatasi hiyo, au utenzi wowote ulioandikwa kwa ombi la sultani, na aanze kuisoma kutoka mstari wa chini.